Vidonge Kumi na Viwili vya Najat

Umetimia mwaka mmoja, Najat, tangu ulipotuacha, na Jumapili iliyopita, saa nane mchana, Elinami alikuja kuniambia maneno uliyokuwa ukiyasema siku zako mbili za mwisho kule maabara. Maneno hayo alikaa nayo mwaka mzima. Alikuja katoka kanisani, shati limenyooshwa, akanikuta peke yangu nachambua mchele, akasimama mlangoni na viatu mkononi kama mtu aliyekuja kuposa na hana mahari.

Elinami wewe unamjua. Hawa wanaosoma hawamjui, basi nawaambia: ni yule Mtanzania wa Moshi mliyekuwa mkisoma pamoja, meza yake inatazamana na yako. Ulimwita shemeji wa taifa, kwa sababu kila mwezi alikuwa na mchumba mpya. Siku hizi hana hata mmoja. Amekonda.

Mwaka mzima nilikuwa na swali moja. Si swali la Mungu, maana Yeye haulizwi. Swali ni lako wewe. Ulipovipokea vile vidonge mkononi mwangu, ulijua ni nusu ya dozi au hukujua?

Kama hukujua, basi ni mimi niliyekupoteza, mimi na ujinga wangu. Na kama ulijua, mbona ulinyamaza nami nipo mbele yako? Nimelala na swali hili, nimeamka nalo, nimesimama nalo kwenye msala. Nilitaka jibu, na jibu lenyewe nilikuwa naliogopa.

Nilikulea Muheza mpaka ulipofika miaka kumi. Mama yako Shifa na baba yako Zubeir walikuwa wameshatangulia huku Guangzhou, Uchina, wananunulia watu bidhaa na kuzisafirisha, na wewe ukawa wetu, wangu na babu yako Abubakary. Babu yako ugonjwa wa kutetemeka ulimwanzia kwenye kidole gumba cha kulia. Ukapanda kiganjani, ukapanda mkono mzima, mwisho hata kifungo cha shati hafungi. Wewe una miaka sita, unamshikia kikombe cha chai kwa mikono miwili, ulimi umetoka nje kwa bidii.

Siku moja ukaniuliza, "Bibi, mkono wa babu unaogopa nini?"

Nikakwambia mkono hauogopi, umezeeka tu.

Ukasema, "Na wewe umezeeka, mbona wako hauogopi?"

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Lile swali hukuniachia mimi, ulilichukua ukaenda nalo. Ukaja huku, ukajifunza Kichina mpaka wauzaji wa mtaa wa maduka wa Yide Lu wakisikia sauti yako kabla hawajakuona wanadhani ni Mchina mwenzao. Ukaingia chuo, ukatoka, ukaingia tena, mwisho ukawa mtu wa kuvaa koti jeupe, unatafuta kwa nini mkono wa babu yako uliogopa. Babu yako hakusubiri. Alikufa, na mama yako akaja kunichukua nikae na nyinyi.

Kazi yako ulinieleza jikoni, mimi nakuna nazi, wewe unadokoa.

Ulisema, "Bibi, mwilini kuna vijumba vidogo, huvioni kwa macho. Ndizo seli. Kila kijumba kina mfagiaji wake. Taka za humo ndani anazila mwenyewe, na humo humo kwenye taka anapata riziki yake."

"Anakula taka?"

"Anakula. Na njaa ikizidi ndipo anapofagia zaidi."

Nikasema, "Huyo kaolewa na bahili."

Ulicheka, ukamwaga nazi. Halafu ukasema kwenye ubongo wa babu mfagiaji alichoka. Taka zikajaa, zikarundikana, kijumba kikafa, na cha pili, na cha tatu, hadi mkono ukakosa wa kuuamuru utulie. Wewe ulikuwa unatafuta kitu cha kumwamsha yule mfagiaji.

"Na mnajuaje kama anafagia, naye haonekani?"

"Tunaziba jalala, Bibi. Tunatia dawa, jalala linafungwa, halafu tunahesabu taka zilizokwama mlangoni. Zikiwa nyingi, basi alikuwa yuko kazini."

"Dawa gani hiyo?"

"Klorokwini."

"Klorokwini hii ya malaria? Ile chungu?"

"Hiyo hiyo."

"Na hivyo vijumba havijikuni?"

Ulikaa chini sakafuni. Ulicheka hata ukashika mbavu. Vijana hawajui, lakini sisi wa zamani tuliimeza ile klorokwini, na wengi wetu ilituwasha mwili mzima mpaka mtu anajisugua ukutani kama ng'ombe. Siku hizi malaria ya kwetu haiisikii tena, ndiyo maana tunapewa mseto. Sikujua kama bado kuna watu wanaitumia, tena kwa kuzibia majalala.

Elinami ameniambia mpaka leo wakiitia ile dawa lazima mmoja aseme, angalieni zisijikune. Hata profesa wenu Mchina anasema, na hajui inachekesha nini.

Sasa niseme wema wako, maana huo ndio watu wetu wa huku walioniomba niuandike, wausome wote.

Wewe ulikuwa mguu wa hospitali wa kila mtu asiyejua lugha. Maulida wa Mombasa uchungu ulimshika katikati ya duka la midoli, ukaacha kazi zako ukakaa naye mpaka akajifungua. Jacinta wa Nairobi, anayenunua viatu kule soko la Liuhua, mawe ya figo yalimwangusha, ukalala kwenye kiti karibu yake siku mbili. Hukuchukua hata soda ya mtu. Na kila mgeni aliyetoka nyumbani ulimwambia neno moja, nimelisikia mara mia: "Ukipata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari umetoka wapi kabla hajakuuliza." Uliwaambia hivyo, Najat. Wewe mwenyewe.

Ulipenda ukoko. Ulikuwa unanawa mpaka viwiko, hata ukienda kumenya kitunguu kimoja. Kwenye kiti chako cha maabara uliweka kanga yangu kuukuu kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi. Ulikuwa huwezi kupita mbele yangu bila kunigusa bega.

Na mimi, tabia yangu ilikuwa kuweka dawa.

Kwetu dawa haitupwi. Mtu akiumwa anakunywa, akipata nafuu anaacha, zinazobaki zinawekwa, maana kesho ataumwa mwingine na duka liko mbali. Nilizaa watoto sita Muheza, wote nimewalea kwa dawa za kubakisha. Nikaja nayo tabia hiyo huku. Nilikuwa na bati la biskuti limejaa, za kichwa, za tumbo, za kikohozi, nyingine sijui hata za nini. Ukilikuta wazi unasema, "Shikamoo dokta, leo zahanati imefunguliwa?" Zilizooza unanitupia, nami nikigeuka naziokota.

Mwezi wa tatu mwaka jana baba yako alirudi kutoka Dar na malaria. Alikuja na dozi yake ya mseto mfukoni, kama wanavyofanya wafanyabiashara wote, maana huku ukiiulizia kwenye duka la dawa unaambiwa meiyou, yaani hakuna. Akanywa nne, akanywa nne, akanywa nne. Siku ya tatu kaamka mzima, kaenda zake bandarini Nansha kuangalia kontena. Vikabaki kumi na viwili. Nikavitia kwenye bati.

Mwezi wa tano ukaenda Muheza kwenye harusi ya binti wa mjomba wako. Ilikuwa masika, nyumba imejaa wageni, mkalala ukumbini kwenye mikeka bila chandarua. Ulinitumia picha. Nilifurahi kuiona ile nyumba yangu ina watu. Mbu sikuwafikiria.

Siku ya kumi na moja baada ya kurudi, Alhamisi asubuhi, sikukusikia ukiimba bafuni. Nikaja chumbani kwako. Nikakuwekea kiganja kwenye paji la uso.

Nikasema, "Hii malaria."

"Yaweza ikawa, Bibi."

"Si yaweza. Mimi malaria naijua kwa kiganja, sihitaji mashine." Nikaenda kwenye bati, nikarudi mbio, mimi na magoti haya. "Haya. Baba yako kapona kwa hivi hivi. Nne sasa, nne jioni, nne kesho asubuhi."

"Na kesho kutwa?"

"Kesho kutwa utakuwa unacheza."

Ulikipokea kile kikaratasi cha dawa. Ukakigeuza nyuma, ukakigeuza mbele. Ulikuwa unahesabu, nilikuona midomo yako. Halafu ukaninyanyulia macho, ukanitazama, nami nimesimama na kikombe cha maji. Ukasema, "Haya, Bibi. Ahsante."

Yale macho ndiyo niliyokuwa nayauliza mwaka mzima.

Mama yako alikuwa Yide Lu na wateja, akapiga simu. Nikamwambia, usiwe na wasiwasi, nimeshampa dawa. Akashusha pumzi, nimeisikia kwenye simu. Sikusema twende hospitali. Naliandika hili hapa ili pasiwe na mtu wa kunisingizia wema: sikusema.

Ukapona. Jumamosi ulikula wali bakuli zima na ukoko juu. Nilijisifu, nikampigia mpaka jirani. Wiki ikapita, u mzima, unakwenda na kurudi.

Jumanne ya wiki iliyofuata ulisema una hesabu kubwa maabara, utalala bwenini siku mbili. Jumatano nikakupigia.

"Umekula, mama?"

"Nimekula, Bibi."

"Sauti yako mbona nzito?"

"Kiyoyozi, Bibi. Kanga nimejitanda."

Nikaamini. Alhamisi saa sita kasorobo mchana ukaanguka kwenye ujia wa maabara. Hospitali walifanya yote waliyoweza, na haraka, sina la kuwalaumu. Walisema malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Walisema damu ya mtu aliyekaa mbali na malaria miaka kumi na tisa huisahau, baba yako anayekwenda na kurudi damu yake inakumbuka kidogo, wewe yako ilikuwa imesahau kabisa. Jumamosi alfajiri hukuwepo tena.

Pale hospitali daktari alisema neno, mama yako akanigeukia. "Anasema dozi ni vidonge ishirini na vinne, mama. Anauliza nani alimpa kumi na viwili." Kabla sijafungua mdomo, mama yako akamjibu kwa Kichina. Alimjibu nini, sikujua. Tangu siku ile hakunilaumu hata mara moja. Alinipikia, alinifulia, aliniuliza kama nimekula. Lakini kukaa na mimi, akakaa tu tukazungumza, hakukaa tena.

Sasa Elinami.

Nilimwambia akae, akakaa ukingoni mwa kiti. Nikampa chai, haikunywewa.

Akasema, "Bibi, mimi nimekuja kusema jambo, na ukinifukuza nitakuwa na haki ya kufukuzwa."

"Sema, baba."

"Homa ya Najat ilirudi Jumanne ile. Aliniambia. Nilimwambia twende hospitali. Akasema, Alhamisi saa sita natoa sahani ya mwisho, saa saba niko hospitali."

Nikamuuliza ni sahani gani hiyo ya kumweka mtu na homa siku mbili. Akanieleza. Zile seli za ubongo mlikuwa mmezilea miezi mitatu, kama miche ya kitalu. Unazitia kile kitu cha kumwamsha mfagiaji, unaziba jalala, halafu unatoa sahani moja saa hii, nyingine saa ile, mpaka siku mbili ziishe. Ukiacha moja, zote kazi bure. Na jibu likitoka mara moja si jibu. Linatakiwa litoke mara tatu. Mara mbili lilikuwa limeshatoka, Najat. Ile ilikuwa ya tatu.

"Ukamwacha?"

"Nilimwambia nipe mimi nitoe, wewe nenda. Akasema, mbili nimetoa mimi, ya tatu atatoa mgeni? Akacheka. Alikuwa anatetemeka kwa homa, amejifunga ile kanga yako, anacheka. Nikamwacha, Bibi. Ndiyo. Nilimwacha."

Mchele nimeuweka mapajani, siuoni. Halafu nikauliza swali langu.

"Vidonge nilivyompa. Alijua?"

Elinami akainamisha kichwa. "Alijua tangu siku ya kwanza. Alisema, Bibi kanipa nusu dozi ya baba, nimehesabu mbele yake."

"Basi mbona hakusema? Si mimi ni bibi yake? Ningemkata kichwa?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema..." Hapo akasukuma kikombe cha chai pembeni, akaanza tena. "Akasema, ungemwona Bibi uso wake. Tangu aje huku hana cha kumpa mtu. Hana shamba, hana kuku, lugha haijui, hata sokoni anapelekwa kama mtoto. Siku ile alikuwa na kitu cha kunipa, akakimbia kukileta. Mimi nitamwambiaje hakitoshi?"

Ndilo hilo jibu, Najat. Mwaka mzima nimeliomba.

Ulinionea huruma. Ukameza nusu ya dawa ili mimi nibaki na uso wangu wa furaha. Ukasema moyoni utakwenda kutafuta nyingine kesho, kisha ukapona, na kesho ikawa wiki, kisha zile sahani zikakushika. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na mmojawapo wa miti yako ulikuwa ni mimi, nawe ulijua unateleza ukaushika hivyo hivyo usije ukaniaibisha.

Ungenitukana. Ungenitupia kile kikaratasi usoni, ukasema, wewe mzee mjinga, unataka kuniua. Ningelia siku tatu, ya nne ningesahau, na wewe ungekuwepo.

Elinami hakuwa amemaliza. Akasema mwezi mmoja baada ya kukuzika alikuwa anahama chumba, akafungua sanduku lake, akaikuta dozi nzima ya mseto, ishirini na vinne, haijafunguliwa. Mama yake alimfungia alipokuwa anaondoka Moshi. "Ilikuwa chini ya kitanda changu, Bibi. Tunazungumza naye ile Jumanne pale bwenini, kitanda changu kiko ghorofa ya juu. Sikukumbuka. Wallahi sikukumbuka." Mchaga wa watu anaapa kiislamu, hata hajijui. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, na mimi nikamwangalia tu. Sikuwa na mkono wa kumshika. Mungu anisamehe.

Alipotulia nikamuuliza, "Na ile kazi yake? Lile jibu la tatu?"

Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mwenzetu amerudia mwaka huu, tangu mwanzo, mara tatu zote. Halikutoka, Bibi. Kile kitu hakimwamshi mfagiaji. Zile mara mbili za Najat ilikuwa bahati tu, inatokea. Lakini kujua kwamba siyo, na huko ni kujua."

Maneno ya wasomi hayo. Wewe pengine ungekubaliana naye, ungeniwekea mkono begani unieleze kwa nini ni kitu kikubwa. Mimi peke yangu sikioni ukubwa wake. Naona mtoto wangu alikaa na homa siku mbili anasubiri jibu, na jibu lilikuwa halipo. Mkono wa babu yako bado haujulikani uliogopa nini. La kuvunda halina ubani.

Wanaosoma hapa nina neno moja kwenu, na halihusiani na uzuri wa maandishi. Wafanyabiashara, wanafunzi, mama zao kule nyumbani: msibakishe dawa. Mtu akipewa ishirini na vinne anywe ishirini na vinne, hata awe anacheza. Na mkiona bibi anakuja mbio na nusu ya kitu, mwambieni ni nusu. Atalia. Mwacheni alie.

Leo Jumamosi tumekusomea hitima hapa sebuleni. Maulida alikuja na Jacinta naye, Mkristo wa watu, kajitanda mtandio kwa heshima yako. Baada ya adhuhuri watu wakala pilau, wakaondoka. Nikamfuata mama yako jikoni anaosha sahani. Nilikuwa nimelimeza lile jambo siku sita, nikaona nikilala nalo na leo, nitakuwa mwizi.

"Shifa, Najat alijua ni nusu. Elinami kaniambia."

Mikono yake ikasimama ndani ya maji. "Alijua?"

"Alihesabu. Akanyamaza asiniumize."

Akaitoa sahani, akaipangusa, akaiweka juu ya nyingine polepole kama inayoweza kuamka. Hakunigeukia.

"Kwa hiyo alikuonea huruma wewe."

"Naam."

"Na mimi je, mama? Mimi niliyemzaa hakunionea huruma?"

Nikachukua kitambaa, nikapangusa sahani iliyokwisha kupanguswa.

Akasema tena, sauti iko chini, "Unajua nilimwambia nini daktari siku ile? Alipouliza nani alimpa? Nilimwambia alijinunulia mwenyewe. Nilimsingizia maiti mtarajiwa kwa ajili yako. Wote tunakulinda wewe, mama. Mjukuu kakulinda, mtoto kakulinda. Najat nani alimlinda?"

Akafuta mikono, akatoka.

Nilikaa jikoni peke yangu, maji ya sahani yamepoa, na nilitaka ardhi ipasuke. Sikuinuka mpaka miguu ilipokufa ganzi. Nilipokwenda chumbani kwangu kuchukua daftari hili, nikamkuta mama yako amelala kitandani kwangu, kajikunja, ameelekea ukutani. Hajaingia chumba hiki mwaka mzima isipokuwa kuleta nguo zilizofuliwa. Nikakaa kwenye kiti karibu yake nikaanza kukuandikia, mabega yake yanatikisika, kisha yakapungua, kisha yakaacha.

Sasa ni alasiri, nimeshaswali, na nyumba imenyamaza yote. Baba yako Zubeir amelala kwenye kochi na kofia ya hitima iko usoni. Kaka yako Yasir, anayesimamia mizigo ya baba yako kule Nansha na leo katoka kazini mapema kwa ajili yako, amelala kwenye mkeka hapo hapo ilipokuwa misahafu, hajavua hata soksi. Mama yako Shifa naye amelala, sasa anapumua kama alivyokuwa anapumua akiwa mdogo, mdomo wazi. Hao ndio wanaokukumbuka, Najat, pamoja na wajomba zako na shangazi zako Muheza, na Elinami huko aliko, na mimi bibi yako Mwanahija. Siku zote tutakazobakishiwa tutakukumbuka, hatuna kazi nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo.

Macho yangu hayaoni tena mistari. Mama yako ameniachia nafasi ndogo ukingoni mwa kitanda, sijui kwa kusudi au kwa usingizi tu. Kalamu naiweka chini. Najibana hapo pembeni, mgongo wangu kwa mgongo wake, nalala.